Meli Iliyofika Bara kwa Vipande: Funzo kwa Ufundishaji wa Kiswahili

Ni jambo lisilopingika kwamba Kiswahili kimebeba bahari katika methali na semi zake. Mwanafunzi wa Kutulo, katika nyika iliyo baina ya Wajir na El Wak, hukariri kwamba kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aghalabu maana ya jumla huijua: hata mtu akizunguka vipi, hurudi alikoanzia. Lakini tezi ni nini? Omo je? Asipoelezwa kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani yake, methali hiyo kwake ni mlio tu.

Wapo wanaopendekeza kwamba methali za aina hii zipunguzwe katika masomo ya shule za bara. Rai hiyo haina mashiko. Dawa ni kufundisha jinsi chombo kinavyoundwa, na historia ya Afrika Mashariki inatoa mfano mwafaka.

Manowari za Ufaransa za zama zile, kama Durandal iliyoshuliwa majini Le Havre mwaka 1899, ziliundwa kando ya bahari zilimotarajiwa kuelea. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen haikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa ilikusudiwa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ilibuniwa iweze kufunguliwa. Iliungwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa reli ya takriban kilomita 1,250 hadi Kigoma. Huko mkuku ukalazwa upya, mataruma yakasimamishwa, mabamba ya chuma yakaunganishwa kwa ribiti, na Februari 1915 meli ya mita zipatazo 70 ikaingia ziwani. Baadaye ikawekewa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba.

Itazamwe aya hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Mkuku na mataruma ni maneno ya waunda majahazi wa pwani; yamehamia katika meli ya chuma bila kutatizika. Ribiti ni neno la mkopo lililokwisha kupata uraia. Rafadha, dohani, sitaha na usukani nayo yapo. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza uhandisi wa meli hajakichunguza.

Kwa mwanafunzi wa Kutulo, funzo li karibu zaidi. Nyumba ya jadi ya wafugaji wa Kisomali, aqal, husimamishwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Wakati wa kuhama hufunguliwa, ikafungwa juu ya ngamia, ikaungwa upya penye malisho. Anayeijua aqal amekwisha kuelewa nusu ya ujenzi wa Götzen: fito ni mataruma, mikeka ni mabamba, na ngamia ni reli. Mwalimu akianzia hapo, bahari haitakuwa tena kizuizi.

Inawapasa basi wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili watekeleze mambo mawili. Kwanza, wakusanye msamiati wa waunda vyombo wa Lamu na kwingineko pwani, kwa kuwa mafundi wanazeeka na maneno huzikwa nao. Pili, waandike vitabu vyenye michoro inayoonyesha tezi, omo na ngama, ili mtoto wa nyikani aone kinachosemwa. Iwapo meli nzima ilifika Kigoma kwa vipande na ikaelea, haielekei kwamba maneno yake yashindwe kufika Kutulo.