Chumvi ya Badala na Vidonge vya Baba

Kama baba watoto anameza simvastatini au atovastatini kwa ajili ya kolesteroli, chumvi ya badala haigombani na vidonge hivyo. Lakini wengi wanaovimeza wana presha pia, na hatari iko kwenye vidonge vya presha.

Chumvi hiyo imepunguzwa sodiamu, ikaongezwa potasiamu. Figo zenye afya hutoa potasiamu ya ziada kwa mkojo. Enalaprili, losatani na spironolaktoni huzifanya figo ziibakize. Ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, hata moyo ukasimama, na mara nyingi hakuna dalili ya kukuonya. Aliyeharibika figo kwa kisukari yumo hatarini zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chumvi hii mwaka 2025, ila si kwa watoto, wajawazito wala wenye figo dhaifu. Huenda pakiti dukani isikuambie hayo!

Basi usimwachishe dawa. Chukua vidonge vyote pamoja na pakiti ya chumvi, mwende kwa daktari, naye apimwe damu. Kwa sasa punguza chumvi ya kawaida. Limau, tangawizi na kitunguu saumu vitakoleza mboga.