Uzee Si Kosa la Kutozwa Faini

Kampuni binafsi za bima humpima mtu kwa umri: kadiri miaka inavyoongezeka, ndivyo malipo yanavyopanda. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliikataa mizani hiyo. Kijana na mzee hutozwa asilimia 2.75 ya mapato, bila kujali umri. Hiyo ndiyo haki, nasi twaiunga mkono. Lakini kanuni za mwaka 2024 zilimtaka asiye na mshahara alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600. Mzee wa kijijini azitoe wapi? Sheria hiyo hiyo yaitaka Serikali iwalipie wasiojiweza. Twadai itimize wajibu huo: waliojenga nchi hii wasifungiwe mlango wa hospitali.