Weka Nambari Kwanza, Salamu Baadaye

Januari moja nilimwandikia mama mdogo, aliye kule Mwingi, SMS ndefu kuhusu karo ya binamu yangu. Nikaanza na salamu za nyumba nzima, nikaeleza kwa nini tumechelewa, nikataja nambari ya Paybill ya shule, halafu mwisho kabisa nikaandika akaunti, yaani nambari ya usajili ya mtoto: 1846.

Yeye anatumia kabambe. Kipande cha kwanza kilikatikia kwenye 18. Cha pili hakikuingia kwa sababu inbox ilikuwa imejaa. Akalipa kwa akaunti 18, simu ikamwonyesha jina sahihi la shule, akaweka PIN. Karo ikaenda kwa mtoto mwingine. Kurekebisha kulichukua siku tisa, na siku hizo zote binamu yangu alikuwa nyumbani.

Watu walimlaumu mama mdogo, ati hasomi vizuri. Mimi nasema kosa lilikuwa langu niliyeandika.

SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukizidisha hata moja, ujumbe unakatwa vipande vya herufi 153, kwa sababu nafasi inayobaki inabeba maelezo ya kuviunganisha tena. Smartphone huviunganisha bila wewe kujua. Kabambe nyingine huvionyesha kimoja kimoja, na wakati mwingine cha pili kinatangulia. Na kwa kawaida kila kipande kinahesabiwa kama SMS nzima kwenye kredo yako.

Sasa ongeza emoji moja. Kikomo kinashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukizidi. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, kisa tu mikono ya kushukuru! Kilichonishangaza zaidi ni hiki: hata apostrofi iliyojipinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe ukiandika ng'ombe au ng'ambo, inaleta shida ileile. Iliyonyooka haina neno.

Utaniambia, si utumie WhatsApp? Mama mdogo hana, na yeye ndiye anayelipa.

Sisi watu wa marketing nasi hatujasalimika. "Mpendwa mteja wetu," ni herufi 19 kabla hatujasema kitu. Mteja anataka kujua kiasi, nani na lini, lakini sisi tunamzungusha na shukrani.

Sisemi salamu ziondoke. Kwa mtu mkubwa ni heshima. Ila ziwe na mahali pake. Siku hizi naandika kiasi, Paybill na akaunti kwenye mstari wa kwanza, naacha emoji, kisha nampigia jioni tuongee vizuri. Muhula uliopita alinijibu kwa neno moja tu: "Imeingia."