Kadari Si Kichaka cha Kujifichia Uzembe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Kila maji yanapoingia majumbani, barazani husikika neno moja: "Kazi ya Mungu." Neno lenyewe ni haki, tunachokipinga ni kulifanya kichaka. Mvua, upepo na mawimbi ni viumbe vya Allah vinavyotii amri yake. Ama maafa, mengi tumeyachuma wenyewe, na Suratur-Rum, aya ya 41, imebainisha kuwa uharibifu wa bara na bahari hutokana na matendo ya watu.

Tazameni tarehe 26 Desemba 2004. Ardhi ilitikisika Sumatra kabla ya Alfajiri ya kwetu. Mawimbi yakafika pwani yetu mchana, zaidi ya saa 7 baadaye. Mombasa watu waliondolewa ufukweni, na Kenya nzima alifariki mtu 1. Tanzania walifariki watu wasiopungua 10, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Bahari ni ile ile, na Mola ni yule yule. Kilichotofautiana ni onyo.

Hapa Bagamoyo mikoko hukatwa kwa kuni, mkaa, boriti na mashamba ya chumvi, ilhali ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi na kuushika udongo. Kisha bahari ikila ufuko, watu huchanga fedha za mnyama wa kuzungushwa mji! Wameikata ngao waliyopewa na Mola wao, wakaenda kuomba kinga kwa mizimu. Hilo ni msiba juu ya msiba.

Wapo wanaodai kuwa kujihadhari ni upungufu wa imani. Hiyo ni itikadi ya Jabriyya. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari za tauni ya Sham alirejea na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Je, hawa wana imani kumshinda Umar?

Basi maimamu na wayasome maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa vipaza sauti vya misikiti, kama yale ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Kamati za misikiti zikatae boriti za mikoko iliyokatwa bila kibali. Na anayemuuzia fukara kiwanja cha bondeni, hali anajua maji yatapita hapo, ajiandae kwa hesabu mbele ya Allah.

Wabillahi tawfiq.