Mlima Una Walinzi, Mto Una Wanunuzi

Kuna watu wanaozidharau safari za Nepal zinazochanganya siku kadhaa za kutembea milimani na siku kadhaa za kushuka mto kwa boti la mpira. Wanasema ni ulafi wa watalii. Mimi namlaumu zaidi yule anayeishia mlimani.

Tazama wengi wanavyoijua Himalaya. Wanafika Lukla kwa ndege, wanatembea hadi kambi ya chini ya Everest, wanapiga picha, wanarudi Lukla na kuondoka. Theluji wameiona. Inakokwenda ikiyeyuka, hawajui.

Sasa chukua Annapurna na mto Kali Gandaki. Mto huu unapita kati ya Dhaulagiri, yenye mita 8,167, na Annapurna, yenye mita 8,091. Kingoni mwake huokotwa mawe meusi yenye visukuku, ambayo Wahindu huyaheshimu kama alama ya Vishnu. Ukishuka milimani ukaingia botini, unaendelea na safari ileile. Ila sehemu ya mtoni, iliyokuwa ya siku 5 hivi, sasa ni ya siku 3. Inaishia Mirmi, kwenye bwawa la Kali Gandaki A, megawati 144, lililoanza kazi mwaka 2002.

Hapo ndipo aliyechanganya anapoona kinachomkwepa mpanda mlima. Kule juu alilipia kibali kutembea ndani ya hifadhi ya Annapurna, iliyoanzishwa mwaka 1986. Everest nayo imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Sagarmatha tangu 1976. Mlima una sheria ya kuulinda. Maji yake yakivuka mpaka wa hifadhi, yanahesabiwa kwa megawati.

Najua nitakavyojibiwa. Nepal iliteswa na mgao wa umeme. Kuna misimu Kathmandu ilikaa gizani zaidi ya saa 12 kwa siku. Nani amwambie mwanafunzi asome kwa mshumaa ili mgeni afurahie mawimbi? Hoja hiyo ina uzito, na sisi tuliokulia kwenye mgao hatuwezi kuicheka. Lakini tuulize umeme ni wa nani. Arun 3, mradi wa megawati 900, unajengwa na kampuni ya umma ya India, na sehemu kubwa ya umeme wake imekusudiwa kwenda India. Mshumaa wa mwanafunzi wa Kathmandu hauwezi kuhalalisha kila bwawa.

Tena kila siku inayokatwa mtoni ni ujira wa muongoza boti na wa mpishi wake. Jinja, Uganda, wanalijua hili: maporomoko ya Bujagali yalimezwa na bwawa, boti zikahamia chini zaidi, kisha bwawa la Isimba likazifuata hukohuko.

Sisemi mabwawa yabomolewe. Nasema nchi inayolinda vilele vyake kwa sheria ilinde na mito michache, ianze na Karnali, mto mrefu kuliko yote Nepal. Mkondo wake mkuu bado haujafungwa, ingawa mpango wa megawati 900 umekaa mezani miaka mingi.

Takataka za Everest tumeziandikia vya kutosha, kwa sababu zinapigika picha vizuri. Bwawa likishajaa, poromoko lililozama halipigiki picha. Anayetaka kuliona awahi, na ateremke nalo.