Wahasibu wa Afrika Wanasingiziwa

Wapo wanaosema uhasibu Afrika ni mali ya mkoloni, nasi tuliachiwa alipofunga virago. Tarehe zinakataa. Akintola Williams, mzaliwa wa Lagos, alifuzu Uingereza mwaka 1949, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhasibu aliyeidhinishwa huko. Mwaka 1952, miaka minane kabla ya Nigeria kupata uhuru, aliacha ajira ya serikali kwenye idara ya kodi akafungua ofisi yake ya ukaguzi. Kampuni za kigeni ndizo zilizoshika soko. Yeye akawaendea wazalendo: gazeti la West African Pilot la Nnamdi Azikiwe, kampuni ya usafirishaji ya Ojukwu, na wengineo. Huyo aliachiwa nini na nani?

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba Waafrika walichelewa kwa kuwa hesabu ziliwashinda. Tutazame Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Kufaulu mitihani hakukutosha. Ilikupasa pia kuajiriwa kwa mkataba wa mafunzo katika kampuni ya ukaguzi, ukae humo miaka kadhaa chini ya mhasibu aliyeidhinishwa, ukipekua leja na hati za malipo za wateja. Kampuni hizo zilikuwa za Wazungu, na nyingi hazikumchukua kijana mweusi, hata awe amefaulu vipi. Bila mkataba, hakuna usajili. Ndiyo maana Wiseman Nkuhlu, aliyefungwa kisiwani Robben akiwa kijana kwa ajili ya siasa, alikuwa mweusi wa kwanza kusajiliwa nchini humo mwaka 1976, miaka 27 baada ya Williams kufuzu. Nonkululeko Gobodo, mwanamke mweusi wa kwanza, alisubiri hadi 1987. Anayetaja hesabu hapa hajui, au hataki kujua, mlango ulishikwa na nani.

Kuhusu dai kwamba bodi za kitaaluma ni vyama vya kulinda maslahi ya wachache: ada ni kubwa, na malalamiko ya watahiniwa yana haki ya kusikilizwa. Lakini kabla ya Nigeria kuunda taasisi yake kwa sheria mwaka 1965, Williams akiwa rais wa kwanza, kijana wa Ibadan alitegemea hati za Uingereza. Tanzania iliunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) mwaka 1972, Kenya ikatunga Sheria ya Wahasibu mwaka 1977. Tangu hapo mtoto wa mkulima anafuzu bila kupanda ndege.

La mwisho: "Wahasibu wamejaa, mbona wizi haukomi?" Mkaguzi hana pingu wala mahakama. Kazi yake ni kuona na kuandika. Fedha za akaunti ya madeni ya nje (EPA) pale Benki Kuu ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilizolipwa kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, zilifichuliwa na wakaguzi, na Januari 2008 Gavana akaondolewa. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) naye hutoa hati za ukaguzi kwa halmashauri zetu: inayoridhisha, yenye shaka, au chafu. Hoja za ukaguzi zikikaa miaka bila kujibiwa, wa kuulizwa ni mkurugenzi na madiwani.

Ripoti ya CAG kwa kawaida hufika bungeni mwezi Aprili. Itafute, usome ukurasa wa halmashauri yako, kisha mwulize diwani wako hoja gani bado hazijafungwa.