Mwanabiolojia akishika kamera, tusimcheke

Hapa Kalemie, kijana aliyesoma biolojia akionekana na kamera, watu wanamuuliza harusi ni ya nani. Mimi niliulizwa hivyo mara mbili kando ya ziwa, nikiwa nimelala tumbo mchangani nikimvizia ndege mdiria. Nafundisha biolojia, na malipo yangu yanafika siku yanayotaka yenyewe. Kwa hiyo siandiki kama mtalii.

Tuseme ukweli. Diploma ya sayansi katika jimbo letu inakupeleka kwenye chaki, ao kwenye foleni ya kuomba kazi katika mashirika. Na ziwa liko mlangoni: kina cha karibu mita 1.470, samaki wa jamii ya sikilidi zaidi ya aina 200, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Nani anawaonyesha? Mholanzi Ad Konings. Alianzia katika biolojia, akazama na kamera, na kitabu chake cha 1998 juu ya sikilidi wa Tanganyika kinasomwa na watafiti pamoja na wafugaji wa samaki wa mapambo. Frontosa wa buluu anajulikana Ulaya kwa jina la « Moba ». Moba yetu! Watoto wangapi wa Moba wameona picha yake?

Wengine wanasema picha si sayansi. Lakini samaki akitiwa ndani ya formalini rangi inapotea, na Tropheus wanatofautiana kwa rangi kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Misheni ya Wabelgiji ya 1946-1947 ilibeba samaki wetu ndani ya chupa. Kinachobaki humo ni umbo. Na mama samaki anayelea mayai mdomoni, chupa itamwonyesha namna gani?

Vizuizi viko. Kamera ya chini ya maji inakula mishahara mingi, na askari akiona lenzi anataka karatasi. Lakini hata simu, mbele ya mawe yaleyale kila msimu wa mvua, inaweza kuonyesha matope kutoka vilima vilivyokatwa miti yakifunika mwani ambao samaki wanakula. Leo mvuvi akilalamika hana cha kuweka mezani kwa gavana.

Kitivo cha sayansi kimruhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuleta picha mia za ghuba moja, kila moja na tarehe yake, badala ya kunakili kurasa za watu. Mimi niko na mdiria wangu. Mama anayeuza ndagala pale karibu haulizi tena juu ya harusi. Akimwona amerudi, ananiita.